Kurasa Tatu za Daftari la Ghalib

Mwezi wa kumi mwaka 1998 Ghalib aliingia ofisini kwangu, jengo la Tianxiu, Guangzhou, akipapasa fremu ya mlango kama mtu anayetafuta swichi. Ilikuwa saa nne asubuhi na taa zote zilikuwa zinawaka.

"Dada Jovitha, uko peke yako?"

"Niko na mikoba mia tatu ya Shiling. Haisikii. Kaa."

Hakukaa. Alitoa karatasi ya hospitali ya macho akaniomba nimsomee tarakimu tu. Maneno alikwisha kuyasikia kwa daktari. Nikamsomea: yuani elfu ishirini na mbili, zilipwe kabla ya upasuaji. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa mwaka uliotangulia. Aliona vimulimuli, akadhani ni uchovu, akatia asali. Sasa la kulia lilikuwa limeanza vilevile. Utando wa nyuma ya jicho ulikuwa unabanduka, na yeye aliona pazia jeusi linapanda kutoka chini. Daktari alimpa wiki moja. Pazia likifika katikati, alimwambia, hata ukileta mara kumi ya fedha hizi utakuwa unalipia giza.

Nilikuwa nimemjua Ghalib miaka mitatu. Mtu wa Unguja, miaka arobaini na minne, mwembamba, shati limepigwa pasi hata siku za mvua. Wenzake walimjua kama wakala wa mikoba: anapanda basi mpaka viwanda vya Shiling, anachagua, anapakia, anachukua kamisheni yake kwa wafanyabiashara wa Dar na Mombasa. Hakuwa hodari. Mchina akimwambia "bu xing", haiwezekani, yeye anaamini. Kazi aliyoiweza ilikuwa nyingine kabisa: kuzitambua sarafu za zamani za dhahabu za Marekani.

Pwani yetu imepokea dhahabu ya kila taifa, na wanawake wa Unguja, Pemba na Lamu wameilalia. Pauni za Mwingereza ndizo nyingi. Lakini hapa na pale, ndani ya kasha au ndani ya mto uliojazwa sufi, ipo ya Mmarekani: sarafu nene ya dola ishirini, kichwa cha mwanamke upande mmoja, tai upande wa pili. Sonara ataiweka kwenye mizani akupe bei ya uzito, na mwaka ule dhahabu ilikuwa imeanguka, kama dola mia mbili na themanini kwa sarafu moja. Ghalib alijua kwamba baadhi yake zinauzwa mara kumi ya hapo. Alijifundisha mwenyewe kwa katalogi aliyoinunua Hong Kong, akiisoma ndani ya basi mpaka kurasa zikaachana na uzi. Angalia mwaka. Angalia herufi ndogo chini ya mkia wa tai, inayosema ilipigwa mji gani. Angalia kama imeguswa. Ikitobolewa au ikiungwa kikonyo cha mkufu, imekwisha, irudishe kwenye mizani.

Kuziona ndiyo ilikuwa kazi, kwa sababu dhahabu ya mwanamke wa pwani ni siri yake, na mtu wa mwisho kuijua ni mume. Ghalib alipita kwa mlango wa mama yake. Bi Mwatima alikuwa somo, anayewafunda wari na kuwapamba maharusi, na waliomwamini mama wakamwamini mwana. Hakuwaomba wauze. Alichukua karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, akailaza juu ya sarafu, akaisugua kwa kidole gumba mpaka picha ikatokeza, akaibandika kwenye daftari. Chini yake aliandika jina la mwenyewe, mtaa, sarafu ilikotoka na tarehe aliyoiona. Kwa miaka tisa aliandika wanawake arobaini na mmoja. Siku mmoja wao anapoamua kuuza, anamtafuta Ghalib. Ghalib anamlipa kuliko sonara, kisha sarafu anaipeleka kwa Bwana Lau, mchuuzi wa sarafu wa Hong Kong aliyekuja Guangzhou kwa treni kila Jumamosi. Faida yake ilikuwa ya nauli na wali. Mara nyingi nilimwambia kuwa anawalipa wanawake wale kupita kiasi, akanijibu kuwa wana majina na yeye anayajua.

Sarafu moja tu aliiweka iwe yake. Ya mwaka 1891, na chini ya mkia wa tai herufi mbili ndogo: CC, yaani Carson, mji ambao mwaka ule ulipiga chache. Aliinunua kwa familia ya Pemba kwa kamisheni za miaka minne. Lau alikuwa amekwisha kumwambia: ikiwa safi, dola elfu tatu na mia mbili, siku yoyote.

"Nimempigia simu Shifa," akaniambia. Shifa ni mkewe, yuko Unguja. "Sarafu atampa Rahim aniletee. Rahim anafika Ijumaa. Jumamosi Lau yuko hapa. Jumatatu naingia hospitali. Wewe unisimamie tu pale mezani, maana Lau nimezoea kumwangalia usoni, na uso sasa siuoni vizuri."

"Una nini mkononi?"

"Dola mia nne."

Watu wa Tianxiu walichanga mia tano, na mwaka ule si haba, biashara za Asia nzima zilikuwa zimepigwa. Mimi fedha zangu zote zilikuwa kwenye kontena lililokuwa njiani kwenda Dar. Nilitoa hamsini ndani ya zile mia tano, na sisemi nilitoa zaidi. Hospitali ilitaka dola elfu mbili mia sita na sitini kwa kiwango cha siku ile. Sarafu ingemaliza kazi na kubakiza.

Rahim alifika Ijumaa mchana, kijana mnene wa Malindi ya Unguja anayenunua nguo mtaa wa Guangyuan Xilu, bado ana vumbi la safari. Akatoa leso mfuko wa ndani, akaiweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Amana ya mkeo, kaka Ghalib. Sikulala nayo macho yamefumba hata dakika moja."

Niliifungua mimi. Sarafu ilinimulika.

"Hee, Ghalib! Mbona inawaka! Utadhani imetoka mtamboni leo."

Ghalib alikuwa anatabasamu. Akaacha.

"Umesema nini?"

"Nimesema inawaka."

"Inawaka vipi?"

"Kama kioo. Vipi tena?"

Akanyoosha mkono, nikamwekea kiganjani. Alipitisha kidole gumba kwenye shavu la yule mwanamke, kwenye nywele, kwenye ukingo. Akageuza, akapitisha kwenye mbawa za tai. Alirudia mara tatu. Kisha akakaa kitini bila kukitafuta, na kwa bahati kiti kilikuwepo.

"Kuna barua," alisema Rahim, sauti imempungua. "Nisome?"

"Soma."

Rahim akasoma: "Mume wangu, nimeona haya kuitoa dhahabu imechujuka vile, wakakudharau ugenini na wewe mgonjwa. Nimeipeleka kwa sonara, kaichemsha, kaipiga brashi na sabuni na ukwaju mpaka imewaka. Mwenyewe kasema hajapata kuona dhahabu nzuri kama hii. Wauzie kwa bei ya juu, usikubali ya kwanza."

Ghalib aliiweka sarafu juu ya meza. Rahim ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mimi mwenyewe nilimsifu! Kwetu hata mtu akiuza bangili ya kumzikia mzazi, inapita kwa sonara kwanza. Dhahabu haitoki nyumbani chafu. Kosa liko wapi?"

"Wanunuzi wa Marekani hawanunui dhahabu, Rahim," alisema Ghalib. "Dhahabu wanayo. Wananunua ngozi yake. Ile rangi iliyofifia, ule mng'ao mdogo wa chini ya vumbi, ambao mtambo uliuacha mwaka ule. Ukiipiga brashi, umeichuna. Hairudi."

"Na mkeo hukumwambia?" nikamuuliza.

"Sikumwambia. Ningemwambia thamani yake, angemwambia dada yake, dada yake angemwambia mumewe, na kabla ya sikukuu ingekuwa imeuzwa. Nilimwambia ni dhahabu tu. Akaifanyia kinachofanyiwa dhahabu."

Hapo nikaona kosa ni la nani, na sikuona faida ya kulisema.

Nikamwambia tuichafue. Nimeona mizigo mingi mipya ikiuzwa kwa jina la mikongwe: moshi wa sigara, kiini cha yai, mafuta kidogo, usiku mmoja juu ya jiko. Lau atakuja asubuhi, mwanga wa nyumba ya chai si mkali.

"Brashi imeacha mikwaruzo," alisema. "Inakwenda upande mmoja, kama nyasi zilizofagiwa. Lau ataiona kwa lenzi kabla chai haijapoa. Halafu hatanunua kwangu hata hii, hata nyingine." Akafikiri. "Kama ningejua hataiona, ningeichafua, dada. Nisikudanganye."

Jumamosi saa tatu tulikuwa nyumba ya chai ya karibu na stesheni. Wenyeji Wakantoni asubuhi hujaa pale na magazeti yao, vigari vya vitafunio vinapita katikati ya meza, kelele kama mnada. Lau alikuwa mzee mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Alizungumza nami kwa Kiingereza chake na mimi kwa changu. Aliniita laobanniang, mama mwenye duka. Akaweka lenzi jichoni. Hakumaliza hata upande mmoja.

"Nani ameiosha?"

"Mkewe," nikasema, maana Ghalib alikuwa ameinamisha kichwa.

Lau alianza kucheka, akamtazama Ghalib, akaacha. "Dola mia sita."

"Bwana Lau, treni yako ni saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi tuna muda. Mia sita ni bei ya sarafu isiyo na mji. Hii ina mji. Sonara ameosha uso, mji hakuuosha. Herufi hizi hapa, hebu zione, zimesimama. Zipo ngapi za mwaka huu na herufi hizi Hong Kong nzima?"

"Zilizooshwa? Hakuna anayezitafuta."

"Zisizooshwa ngapi?"

Akaiweka tena lenzi jichoni. Nikajua hana hata moja.

"Yupo mtu ambaye hawezi kununua ya elfu tatu na anataka kusema anayo," nikamwambia. "Huyo ndiye mteja wa hii. Wewe unamjua jina lake, mimi simjui. Elfu moja na mia mbili."

"Ghali sana! Mia saba."

Tulikwenda hivyo mabirika mawili. Alinyanyuka mara moja, mimi nikanyanyuka mara mbili. Tulikomea mia tisa na hamsini, na nilijua kwa jinsi alivyopangusa lenzi yake kwamba haongezi hata senti. Mia tisa na hamsini, mia nne, mia tano: elfu moja mia nane na hamsini. Tulipungukiwa dola mia nane na kumi. Ghalib alipiga hesabu kabla yangu. Niliona midomo yake ikifika mwisho na kusimama.

"Pazia limefika wapi?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Nikitazama mbele naona kichwa cha Lau. Mabega siyaoni."

Lau akajimiminia chai. "Ghalib," alisema, "kuna kitu kingine nitakachonunua. Daftari. Dola elfu mbili, sasa hivi, zote noti za mia."

Alilijua. Ghalib alikuwa akilileta kumwonyesha chapa za karatasi ya sigara, akifunika majina kwa kiganja.

"Haliuzwi," alisema Ghalib.

Nilimwomba Lau aagize birika la tatu, nikamshika Ghalib mkono mpaka kwenye ngazi. Harufu ya nguruwe wa kuchoma ilikuwa inapanda kutoka jikoni na yeye akaziba pua kwa leso.

"Elfu mbili," nikamwambia. "Unalipa hospitali na unabaki na mtaji. Umerogwa?"

"Unajua atakalofanya nalo? Ana mtu Dubai. Atamtuma Unguja aende mlango kwa mlango, anajua sarafu, anajua mwaka, anajua imefichwa kwa nani. Atamkuta mume ndani. Dada Jovitha, humo yumo mwanamke aliyeficha sarafu nne kwa mume anayempiga, ni nauli yake ya kukimbilia Mombasa. Yumo aliyeweka yake ya kununulia sanda. Waliniambia kwa sababu ya mama yangu."

"Na kipofu atawasaidia nini hao?"

Watu walikuwa wanatupita wakipanda na kushuka. Alilitoa daftari ndani ya shati. Lilikuwa limelowa jasho. Akanipa.

"Tafuta ukurasa wa Bi Mwatima binti Marijani."

"Huyo si mama yako?"

"Tafuta."

Nikautafuta. Sarafu tatu, moja ya herufi adimu. Akaniambia nitafute wa shangazi yake. Sarafu moja. Kisha akashika reli ya ngazi.

"Tafuta wa Swalha."

Swalha ni mdogo wake wa pekee, mke wa Maulid, mwenye duka la vyakula Unguja. Ukurasa ulisema: mbili, alipewa na bibi yake mzaa baba, zimeonwa mwaka 1991. Aliolewa 1994.

"Hao ni damu yangu," alisema Ghalib. "Wakinishitaki, nitasimama mbele yao. Wale wengine nitasimama vipi mbele yao?"

Kwa mahesabu yangu ilikuwa biashara mbovu: unauza jamaa zako kwa bei ndogo ili ulinde watu baki wa bei kubwa. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema niende nikaombe bei.

Lau alianza kwa mia kila ukurasa. Nilimwambia kurasa tatu zina sarafu sita, hazijaguswa na brashi ya mtu yeyote, na nikamruhusu kuona chapa ya ile adimu kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Alipanda mpaka mia mbili na sabini. Mara tatu, mia nane na kumi. Nadhani alijua tarakimu tuliyoitaka, na akaifikia makusudi ili tusizunguke. Akatoa wembe kwenye pochi yake, akazikata kurasa kwa rula, moja baada ya nyingine, vizuri, bila kuharibu daftari. Ghalib alisikiliza sauti ya wembe na kuomba maji.

Alipasuliwa Jumatano, tarehe ishirini na nane. Utando uliwekwa mahali pake, na ndani ya jicho wakatia gesi ya kuubana mpaka ushike. Masharti yalikuwa mawili. Kwanza, alale kifudifudi, mchana na usiku, siku kumi. Kitanda cha hospitali kililipwa siku nne tu, kwa hiyo siku zilizobaki alilala kwangu stoo, juu ya marobota ya mikoba. Nilipasua robota moja katikati tukaacha tundu la uso, na chakula nilimpitishia kwa chini. Sharti la pili: asipande ndege mpaka gesi iishe yote. Angani gesi hupanuka, daktari alisema, na jicho halina pa kupanukia. Muda wake wiki nane.

Siku ya tisa mtu wa Dubai alifika Unguja. Haya tuliyapata kwa simu ya Bi Mwatima, Ghalib akiwa ameinama, mkono wa simu nimemshikia mimi. Yeye mwenyewe Bi Mwatima alimfungia mlango. Shangazi aliuza. Kwa Swalha, mlango ulifunguliwa na Maulid.

"Kamwambia: nimekuja kuziona zile mbili za Kimarekani za mkeo," alisema Bi Mwatima. "Mbili, Ghalib! Na mwaka kautaja. Mwanamume kasimama mlangoni na mifuko ya unga mkononi. Mwezi wa nne duka lilipomlalia alimwomba mkewe chochote, Swalha kamwapia hana kitu. Sasa anasema: kama alikuwa nazo tangu kwao ningezijua, basi kapewa na nani? Kapewa na mwanamume gani? Kamrudisha kwangu na sanduku lake. Nani kamwambia mtu huyu?"

"Mimi, mama."

Simu ya kimataifa ina mwangwi. Neno lake lilimrudia.

"Wewe," alisema Bi Mwatima. Hakuuliza kwa nini, maana kuhusu jicho alijua. "Maulid hataki neno langu. Anasema mimi ni mama, tena somo, kazi yangu ni kufunika. Anakutaka wewe. Uje, ushike Msahafu mbele yake, useme sarafu hizo ulizionaje na lini. Anakungoja mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Ukiandama hujafika, anaandika talaka."

"Mpe simu niape sasa."

"Nimemwambia. Anasema simu haishiki Msahafu."

Ukurasa wenye tarehe, ule ambao ungesema yote bila kiapo, ulikuwa Dubai. Nilimpigia Lau kuuomba. Alisema kwa adabu kuwa mali iliyouzwa imekwisha kuuzwa, na kuwa mtu wake hana nakala. Ndivyo ningejibu mimi.

Ramadhani ilikuwa iandame tarehe kumi na tisa Desemba. Wiki nane za gesi zilikuwa zinaisha tarehe ishirini na tatu.

Alipoanza kukaa wima, Ghalib alinieleza anachokiona. Gesi ilikuwa na mstari, kama maji ndani ya glasi. Juu ya mstari dunia ilikuwa inarudi: dari, bomba la taa, baadaye paji la uso wangu. Chini ya mstari ni ukungu unaotikisika. Kila asubuhi alisimama mahali pamoja stoo, akatazama ukuta wa mbele, akaniambia nitie alama ya kalamu pale mstari ulipofika. Ulikuwa unashuka upana wa kucha, siku nyingine haushuki kabisa. Alama zilishuka ukutani na siku zikashuka nazo. Alipunguza maji ya kunywa, akidhani yataikausha. Aliuliza kama kukimbia ngazini kunasaidia. Daktari alimwambia hakuna kinachosaidia.

Tarehe kumi na saba alikuja na tiketi. Rahim ndiye aliyemnunulia kwa fedha za nauli alizotuma Swalha. Hong Kong, Dubai, Unguja, anatua asubuhi ya kumi na tisa.

"Imebaki kidogo tu," alisema. "Kama punje ya mtama, huku chini. Ninakuona wewe mzima, dada. Mpaka viatu."

"Daktari amesema kidogo tu ni sawa?"

"Amesema hapana."

"Basi nisikilize. Jicho hili umelilipia kwa ndoa ya dada yako. Ukilipasua angani, utakuwa umelipa na mzigo hujachukua. Utamfikia Maulid kipofu, na bado anaweza kukataa kiapo chako. Mfanyabiashara gani anafanya hivyo?"

"Mimi si mfanyabiashara," alisema. "Ulikwisha kuniambia."

Alifunga begi. Alishuka kwa lifti. Nilimwona kutoka dirishani amesimama ukingoni mwa barabara ya Xiaobei, teksi moja ikasimama, akazungumza na dereva, teksi ikaenda. Ya pili ikaja ikaenda. Alisimama pale zaidi ya saa. Alipopanda tena ghorofani hakunitazama. Aliweka tiketi juu ya meza yangu, akaingia stoo, akalala kifudifudi juu ya robota ingawa sasa hakuwa na haja ya kulala hivyo. Niliirudisha tiketi kwa wakala. Walikata theluthi.

Mwezi uliandama Jumamosi. Talaka iliandikwa usiku uleule, kabla ya daku ya kwanza.

Alisafiri mwezi wa kwanza. Alishika Msahafu mbele ya Maulid, na Maulid alimsikiliza mpaka mwisho, akampa chai ya futari, akamwambia anamsadiki, na kuwa maneno haya yangemfaa mwezi uliopita. Swalha hakutoka chumbani kwa siku zote tisa alizokaa kaka yake. Sarafu zake mbili bado anazo. Bi Mwatima siku hizi haitwi kupamba maharusi. Akina mama wamejua mtu wa Dubai alipitia nyumba ya nani. Shifa aliandika barua moja tu. Nilimsomea Ghalib ingawa sasa angeweza kuisoma mwenyewe; aliomba nimsomee.

Jicho ni zima. Daktari anawaonyesha wanafunzi wake. Ghalib amerudi Tianxiu, anapanda basi la Shiling, anachukua kamisheni yake. Lile daftari yuko nalo, lina kurasa thelathini na nane, na haliongezeki.

Juzi tulikuwa ndani ya lifti yeye na mimi. Ghorofa ya sita akaingia mama wa Mombasa, mgeni, na kifuani ana mkufu wenye sarafu ya dola kumi, ya zamani, haina tundu, imeshikwa kwa makucha manne tu. Ghalib aliiona, nilijua kwa jinsi alivyoacha kupumua. Yule mama naye akamwona anavyoitazama. Lazima kuna mtu aliyemwambia habari za Ghalib, kwa sababu alivuta mtandio akaifunika, akageukia mlango mpaka tukafika chini.

Alasiri yule mama alikuja ofisini kwangu peke yake kuniuliza inaweza kufika ngapi. Niliipima, nikampa bei ya dhahabu, ile ya mizani ya sonara.